Turubai nilizoharibu kabla sijakaa chini na chupa moja

Niseme mapema tu, sijasomea uchoraji mahali popote. Nilianza na penseli, nikahamia rangi za maji, halafu siku moja nikasimama mbele ya picha ya rangi za mafuta, picha yenyewe sio ya kwenye skrini ya simu, nikaona rangi ilivyokaa nene pale kwenye ukingo wa wingu mpaka inatupa kivuli chake yenyewe, basi nilitoka pale nimeshaamua. Hiyo ni miaka sita sasa. Mitatu ya kwanza naweza kusema niliitupa, sio yote lakini sehemu kubwa, na ndo maana naandika, maana makosa mengi yalikuwa ya kijinga na mengine niliambiwa kabisa nikajifanya sisikii.

Kosa la kwanza nililifanya dukani. Nikaona boksi la tubu 24 zimepangwa kama upinde wa mvua nikasema hapa nimemaliza. Kumbe zilikuwa rangi za daraja la wanafunzi, pigimenti, yaani ule unga wenyewe unaotoa rangi, ndani kidogo na vijazio ndo vingi, ukipaka moja moja zinaonekana sawa tu ila ukianza kuchanganya unapata tope. Na mimi nilikuwa nachanganya nne tano kwa mpigo. Nikadhani mkono wangu ndo mbovu. Zilipoisha nikanunua boksi lingine la aina ile ile, kubwa zaidi. Usicheke.

Ningekuwa naanza leo ningechukua tubu sita tu za daraja la juu: nyeupe ya titani tubu kubwa kabisa maana ndo inayoisha kuliko zote, okra ya njano (njano ya udongo), njano moja kali, nyekundu moja, bluu ya ultramarini na umba ya kuchomwa (kahawia ya udongo). Na hata hizo ni nyingi, Anders Zorn yule mchoraji Mswidi anajulikana kwa paleti ya rangi nne, nyeupe, okra ya njano, nyekundu ya vermilioni na nyeusi, na ile nyeusi ukiiweka karibu na rangi za joto inajifanya bluu, sikuamini mpaka nilipojaribu mwenyewe. Halafu geuza tubu usome yale maandishi madogo nyuma, kuna namba ya pigimenti. PB29 ni ultramarini, PW6 ni nyeupe ya titani, PBr7 ni zile za udongo kama umba na siena. Tubu yenye namba moja inakutii ukiichanganya, yenye namba tatu ina maana imeshachanganywa kiwandani, ukiongeza na wewe za kwako ndo lile tope langu. Na ukikuta neno Hue baada ya jina la rangi ujue hiyo ni mbadala, mara nyingine ni mzuri tu lakini ujue unalipia nini.

Hela nyingine ikaenda kwenye stendi. Nilinunua stendi ya mbao, zito, la kusimamishia turubai refu kuliko mimi, wakati huo nachora vipicha vya ukubwa wa daftari na brashi zangu ni za bei chee zinazonyonyoka. Mpaka leo nina picha moja ina nywele tatu za brashi kwenye anga, watu wanadhani ni ndege wako mbali. Sijawahi kuwasahihisha.

Sasa kuhusu mafuta yenyewe, hapa ndo nilipoumia. Rangi ya maji inakauka kwa sababu maji yanaondoka. Mafuta hayaondoki popote. Mafuta ya kitani, yale wengine wanaita linsidi, yanavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kuwa kitu kigumu taratibu, siku, wiki, miezi, inategemea unene na inategemea na rangi yenyewe. Umba inakauka haraka kwa sababu ina manganizi ndani, nyeupe ya titani inajivuta, nyeusi ya pembe ndo kabisa. Mimi sikujua hata moja kati ya hayo. Mandhari yangu ya kwanza niliyoipenda, mlima na bonde na anga kubwa, nilianza kwa kuchora msingi wote kwa nyeusi niliyoilainisha kwa mafuta mengi, ikawa inang'aa vizuri, siku mbili baadaye nikapaka juu yake rangi nyembamba niliyoizimua kwa tapentaini. Ikakauka juu, chini bado mbichi. Baada ya miezi kadhaa anga likapasuka kama ardhi ya ukame. Nililia, sioni aibu kusema.

Kanuni ipo ya zamani na ni fupi tu, mafuta mengi juu ya mafuta kidogo, yaani tabaka la kwanza lizimuliwe na tapentaini liwe kavu kavu, linalofuata rangi kama inavyotoka kwenye tubu, na kama unaongeza mafuta basi uongeze huko juu mwishoni, na hata huko ni tone sio kijiko. Tabaka la chini lisije likawa bado linacheza wakati la juu limeshakakamaa. Nilikuwa nimeisoma hii kanuni kabla ya kuchora ule mlima, niliisoma kabisa, nikaona ni mambo ya wazee.

Kuna na ile nyingine ya kupaka rangi moja kwa moja kwenye kitambaa kitupu. Niliona turubai tayari ni ghali nikanunua kitambaa nikakitandaza mwenyewe kwenye fremu, safi kabisa, ila sikupaka praima. Mafuta yakazama, rangi ikabaki imefubaa, nyuma ya kitambaa yakatokea madoa kama ya sufuria la maandazi. Mafuta yakigusa nyuzi moja kwa moja baada ya muda yanazifanya zioze na kukatika. Jeso ya akriliki, hiyo ndo praima yenyewe, tabaka mbili au tatu, acha ikauke, piga msasa kidogo, ndo unaanza. Kutandaza turubai mwenyewe kunaokoa hela kweli, sikatai, ila usiokoe hela kwa kuruka jeso.

Hii sasa sio ya picha ni ya uhai, kwa hiyo nisikilize. Matambara. Nilikuwa napangusia brashi kwenye matambara nayakunja nayarundika kwenye mfuko chini ya meza. Asubuhi moja nikasikia harufu kama ya kitu kinaungua kwa mbali, nikashika ule mfuko, ni wa moto. Hakuna kiberiti hakuna pasi hakuna jua. Ni yale mafuta ya kitani, yakivuta oksijeni yanatoa joto, tambara likiwa limekunjwa joto halina pa kutokea, linapanda lenyewe mpaka linawaka. Nyumba zimeungua kwa sababu hiyo. Mimi nilibahatika tu. Sasa hivi matambara nayaanika moja moja nje yametandazwa mpaka yakauke yawe magumu, au nayaloweka kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Tapentaini chafu usimwage kwenye sinki, iache kwenye chupa itulie, uchafu unazama chini, unamimina ile safi ya juu unaitumia tena. Dirisha wazi muda wote, niliumwa kichwa wiki nzima nikidhani ni mawazo kumbe ni mvuke. Na kama una zile rangi zenye risasi au kadimiamu usile chochote huku unachora na usipige msasa mkavu juu yake.

Basi, nikatoka nje.

Nilikuwa nimejaa picha za kwenye vitabu kichwani, mchoraji amesimama uwanjani na kofia. Kitu kinachowezesha hiyo picha ni tubu yenyewe, aliyeibuni ni Mmarekani anaitwa John Goffe Rand, mwaka 1841, kabla ya hapo watu walibebea rangi kwenye vibofu vya nguruwe, unatoboa unakamua, sasa fikiria kuzunguka navyo mlimani. Mimi na tubu zangu nyepesi sikuwa na kisingizio. Nikasimamisha turubai kubwa, saa mbili na nusu baadaye nikagundua miti ya kushoto inatupa kivuli upande mmoja na ya kulia upande mwingine. Jua linatembea nyuzi 15 kila saa, na mimi nilikuwa nalifukuza na brashi. Monet, yule mchoraji Mfaransa, kwenye zile picha za marundo ya nafaka, 1890 mpaka 1891, alikuwa na turubai kadhaa kwa mpigo, mwanga ukibadilika anaweka ile anachukua nyingine. Mimi nilitaka mwanga wa saa tatu asubuhi na wa saa sita mchana ukae kwenye turubai moja kwa amani.

Kwa hiyo nje nenda na kibao kidogo, hata cha ukubwa wa kitabu, jipe saa moja na nusu. Kitu cha kwanza funga vivuli, vichore vilipo dakika ile na usiviguse tena hata vikihama. Hujamaliza? Andika saa nyuma ya kibao, rudi kesho saa ile ile kama hali ya hewa ni ile ile. Constable, mchoraji Mwingereza, alifanya hivyo kwenye michoro yake ya mawingu ya 1821 na 1822, nyuma aliandika tarehe na saa na upepo ulikuwa unatoka wapi. Nikaona kama Constable anahitaji kuandika, mimi ni nani.

Jua lisipige turubai yako. Hili lilinigharimu picha kama kumi. Ukichora turubai ikiwa juani macho yanabana, unaona rangi zako zinang'aa mno, unazitia giza, ukiingia ndani unakuta umebeba picha ya usiku. Geuza stendi, kaa kivulini, hata mwavuli sawa lakini usiwe wa rangi kali maana utapaka rangi ya mwavuli kwenye kila kitu, niliwahi kuwa na mwavuli mwekundu. Upepo nao, ning'iniza begi lenye jiwe chini ya stendi. Turubai ikidondoka itadondoka uso chini. Sijui kwa nini, ni hivyo tu.

Na kijani! Kijani cha kwenye tubu kimenitesa. Kila mti ulitoka kama plastiki. Nikaja kujifunza kuchanganya, nyeusi na njano inatoa kijani kizuri cha mzeituni, ultramarini na okra inatoa cha kutulia, halafu unakipoza na nyekundu kidogo. Kidogo, sio kijiko.

Lakini hata baada ya hayo yote, vivuli vimekaa, kijani kimetulia, hazipasuki, picha zangu zilikuwa na tatizo moja sikuweza kulitaja jina. Zilikuwa bapa. Ukisimama mbali unaona kama zulia. Nikajaribu kuongeza majani, jani moja moja, usiku kucha na brashi nyembamba. Zikawa zulia lenye majani.

Kuna mzee mchoraji nilimpelekea sita kati ya hizo. Aliziangalia muda mrefu mpaka nikaanza kusikia jasho. Akasema, kijana, hebu nipe simu yako. Akazipiga picha kisha akaziweka nyeusi na nyeupe, akanirudishia bila kusema kitu. Zote zilikuwa kijivu kimoja. Anga, mlima, miti, ardhi, kijivu, kijivu, kijivu. Nikamwambia mzee lakini rangi tofauti nimeweka. Akasema, "Rangi unazo. Mwanga na giza ndo huna. Nenda nyumbani kaweke chupa mezani."

Nilimshukuru kwa mdomo tu. Moyoni niliona kanitukana. Picha za vitu vya mezani, chupa, bakuli, matunda, niliona ni mazoezi ya watoto wa shule, mimi mtu wa milima bwana. Nilikaa na hasira yangu kama wiki mbili hivi sijagusa brashi, halafu mvua zikaanza, nje hakutokeki, nikaweka chupa.

Mpangilio ulikuwa wa kawaida kabisa. Boksi la katoni limekatwa upande mmoja, taa moja kutoka kushoto, dirisha limefunikwa ili mwanga usiwe na mabishano, chupa ya kijani, kitunguu kimoja na kitambaa cheupe. Nikaanza na kitambaa maana ni cheupe, rahisi, nyeupe ipo. Nikapaka nyeupe. Nikasogea nyuma, nikakunja macho hadi nione kwa ukungu kama nilivyoelekezwa, ndo nikaona. Kitambaa upande wa kivuli kilikuwa na giza kuliko kitunguu upande wa mwanga. Kitambaa cheupe! Nilichukua rangi kwenye ncha ya kisu cha paleti nikainua nikaipanga mbele ya kitambaa, jicho moja limefungwa, nikaongeza umba na ultramarini, nikaongeza tena, nikaongeza tena, mpaka ilipolingana na kile kivuli ilikuwa rangi ambayo ukiniwekea kwenye sahani ningekuambia ni saruji.

Nilikaa chini kabisa. Miaka mitatu nilikuwa napaka majina. Kitambaa kinaitwa cheupe basi nyeupe, jani linaitwa kijani basi kijani, mlima ni bluu kwa sababu kila mtu anasema mlima wa mbali ni bluu. Sikuwahi kuangalia kama ni bluu ya giza kiasi gani ukilinganisha na kilicho mbele yake.

Nikakaa na ile chupa miezi mitano. Sitanii. Kitunguu kikachipua katikati ya picha ya tatu, ikabidi nichague kukata chipukizi au kulichora, nikalichora, ndo picha ya kwanza ambayo mtu alinisifia bila kuwa ndugu yangu. Machungwa yananywea, kwa hiyo ukiweka matunda anza na tunda, chombo kiwe mwisho, chombo hakiozi. Maua ndo kabisa hayangoji mtu, wale wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 kwenye chombo kimoja wana maua ya misimu tofauti ambayo hayawezi kuchanua pamoja, walikuwa wanachora moja moja yanapopatikana na kutumia michoro waliyoitunza. Nilipojua hivyo niliacha kukimbizana na waridi.

Mdomo wa chupa ulinitoa jasho kuliko mlima wowote. Duara ukilitazama kwa upande linakuwa kama yai, na pembeni halina kona, linazunguka tu hata likiwa bapa vipi. Mimi nilikuwa naliwekea kona kama jicho la samaki. Na duara la chini la chupa linakuwa wazi kuliko la juu kwa sababu liko chini zaidi ya macho yako. Ukikosea hapo chupa inaonekana inateleza kutoka mezani hata rangi ziwe nzuri vipi. Dawa niliyoipata ni kugeuza picha juu chini, au kuitazama kwenye kioo, kosa linapiga kelele.

Kingine ni kingo. Nilikuwa nachora ukingo mkali kuzunguka kila kitu kama nakikata na mkasi. Sasa ukiangalia chupa ya giza mbele ya kivuli cha giza, ule ukingo haupo, umepotea, na ukiuacha upotee chupa ndo inapata hewa. Ule mng'ao kwenye kioo unakuja mwisho kabisa, doa moja nene, unaweka na kuondoka. Nilikuwa nauanza mapema kwa sababu ndo unaofurahisha, halafu nausugua na kila kitu kinachofuata mpaka unakuwa maziwa.

Kipindi hicho ndo nilimwelewa Giorgio Morandi, yule Mtaliano wa Bologna, maisha yake karibu yote alichora chupa na makopo yale yale, anayasogeza kidogo anachora tena, mengine aliyapaka rangi yenyewe ili yasing'ae. Zamani nilikuwa napita picha zake bila kusimama.

Niliporudi nje baada ya mvua kuisha nilikwenda pale pale kwenye lile bonde langu la zamani, na nitajaribu kueleza kilichotokea ingawa najua itasikika kama nimeongeza chumvi. Niliona boksi la katoni. Anga ndo taa, mwanga unatoka kule, kwa hiyo siku ya kawaida anga ndo lenye mwanga kuliko vyote. Ardhi bapa inatazama juu kwenye anga kama uso wa meza, inafuata. Miteremko inatazama pembeni, ina giza zaidi. Miti imesimama wima kama chupa, ina giza kuliko vyote. Ni matabaka manne tu. Mlima wa mbali ulikuwa kama kitambaa kwenye kivuli, hewa ya katikati imeufifisha, giza lake limepungua na rangi imepoa kuelekea bluu, lakini sio ile bluu ya kwenye tubu niliyokuwa napaka. Nikachanganya mirundo minne kwa kisu kabla sijagusa kibao, nikapaka maeneo makubwa manne, hakuna jani hata moja, dakika 40. Nikapiga picha kwa simu nikaweka nyeusi na nyeupe. Bonde lilikuwepo.

Ikabidi nikae kwenye jiwe.

Mauzo nayo yana machozi yake. Mteja wangu wa kwanza alitaka picha ing'ae, mimi kwa furaha nikapiga vanishi wiki sita tu baada ya kumaliza. Ikabaki inanata, vumbi likajishika, mteja akairudisha na nikamrudishia hela yake yote ambayo nilikuwa nimeshaitumia, nikakopa. Vanishi ya mwisho subiri miezi sita mpaka mwaka, kama rangi uliipaka nene ngoja zaidi. Kama kuna sehemu zimefubaa katikati ya kazi, kipande kimoja kinang'aa kingine kimekufa, sio vanishi inahitajika, subiri pakauke, paka mafuta kidogo sana kwa kitambaa na ufute yote, rangi inarudi. Picha nyingine niliisafirisha ikiwa imefungwa kwenye ile plastiki ya mapovu, ikafika na alama za mapovu kwenye anga zima, mviringo mviringo kama imepata ndui. Rangi ya mafuta ikishikika juu haimaanishi imekauka ndani.

Na mteja mwingine nilimuuzia machweo yenye pinki kali niliyoipenda sana, akaning'iniza mbele ya dirisha, mwaka uliofuata nikaalikwa kwake nikakuta machweo yameshakuwa mawingu tu. Tubu zina alama ya uimara kwenye mwanga, daraja la I na II ndo za kuaminika, ile pinki sikuwahi hata kuiangalia alama yake. Kilichonipa nafuu kidogo ni kujua kwamba kuta za kile chumba cha kulala alichochora Van Gogh mwaka 1888 zilikuwa za zambarau, nyekundu iliyokuwa ndani ikafifia, tunaziona za bluu. Ila mimi sio Van Gogh kwa hiyo nilimchorea yule mteja nyingine bure.

Kinyume chake pia kipo, usifungie picha mpya kabatini, mafuta ya kitani gizani yanageuka manjano. Nilishtuka nikadhani nyeupe yangu ni feki, nikaitoa ikakaa kwenye mwanga wa kawaida wiki kadhaa, ikarudi sehemu kubwa.

Hivi ninavyoandika kuna mandhari imeegemea ukuta, wingu lake nililipiga kwa kisu na nyeupe nyingi mno, huu mwezi wa nne nikilibonyeza na ukucha bado linabonyea. Anayeitaka anapiga simu kila Jumatatu. Namwambia bado. Ile chupa ya kijani iko pale pale kwenye katoni, imeshika vumbi na sijalifuta kwa makusudi maana limeupoza mng'ao wake kwa namna ambayo bado sijaweza kuichanganya, na mdomo wake jana umetoka umepinda tena upande wa kulia.